Siku Nilipokitia Kihori Changu Tanga

Mwanangu, asubuhi ile ya kijijini Gazi haijanitoka hadi leo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nami nilikuwa nimejiundia kihori cha mbao kwa mikono yangu, nyuma ya nyumba ya mamangu. Kilikuwa chombo cha makasia, kidogo, chepesi, na kwa uvuvi wa ndani ya ghuba kilinitosha. Roho ndiyo haikutosheka. Kila nilipovuta kasia nilitazama upande wa kisiwa cha Chale nikiona wenzangu wakipita na upepo, mimi nachubuka viganja.

Basi nikaamua kukitia tanga. Nilikata mti wa mlingoti, nikatoboa kiti cha mbele nikaupitisha, kitako chake kikakaa juu ya ubao mtupu wa chini. Tanga nilishona kwa magunia ya unga. Siku hizo hata chakula nilikula nimesimama.

Ami yangu, Mzee Bakari, alikuwa fundi wa vyombo. Alinikuta nafunga kamba za mwisho. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akainama akagonga ule ubao kwa kidole.

"Hapa pataka gogo la kushika mbavu mbili za chombo, la sivyo mlingoti utapasua ubao. Na mifuko ya mchanga ya kukipa uzito iko wapi? Ngoja Ijumaa tufanye pamoja."

"Inshallah, ami," nikasema. Alipopinda kona tu, nikakisukuma majini.

Nilimwita dada yangu Mwanasha apande. Makasia niliyaacha mchangani kwa kusudi, mwanangu. Niliona haya kuonekana na tanga na makasia pamoja.

Tulikwenda vizuri, wallahi. Mwanasha alicheka, leso yake ikipepea. Karibu na mlango wa ghuba upepo ukazidi, mlingoti ukalia, na chini ubao ukapasuka. Kihori kikalala ubavu, tukamwagika. Mwanasha hakujua kuogelea. Nilimkamata, nikamshikiza kwenye ubavu wa kihori, huku maji ya kupwa yakituvuta nje. Sikuwa na kasia la kuturudisha.

Ami ndiye aliyetuona. Alikuja na mtumbwi akipiga kafi peke yake, akampandisha Mwanasha kwanza, kisha mimi, tukakikokota kihori nyuma yetu. Tulipofika ufuoni akanigeukia.

"Kihori ni chako, kizamishe utakavyo," akasema. "Lakini huyu alipanda kwa kukuamini. Ulimwambia nililokuambia?"

"Sikumwambia, ami."

Mwanasha akanitazama. Kabla ya hapo alikuwa akidhani ni bahati mbaya tu.

Ijumaa tulibadilisha ubao uliopasuka, tukaweka gogo na mifuko ya mchanga, nikakijaribu peke yangu ndani ya ghuba, makasia yamefungwa chini ya kiti. Kilikwenda vyema miaka mingi. Mwanasha huenda kwa mwanawe anayekaa Mkwiro, ng'ambo ya maji, na hupanda vyombo vya watu wote isipokuwa changu.

Sasa nakuona wewe washona turubali liwe tanga la kihori chako, hukai, huli. Sikukatazi. Tia tanga, ila imarisha kwanza kitakachobeba mlingoti, jaribu chombo karibu na pwani, na makasia usiyaone haya. Zaidi ya yote, ukishaonywa, usimfiche onyo hilo mtu unayempandisha. Mwache achague mwenyewe.

Mola akupe upepo wa kiasi na mkono mtulivu, na kila utakayemchukua amrudishe kwao salama. Amin.