Nyumba ya Chokaa Kambi Muru

Filister Ogola alizijua nyumba za watu kuliko wenyewe waliolala ndani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mama fua katika mtaa wa Ayany, na mama fua huingia kwa mlango wa jikoni, hutoka kwa mlango wa jikoni, na katikati hapo huona mengi. Alijua bomba lipi linavuja, mlango upi unavimba mvua ikinyesha, na ngazi zipi zingemvunja mtu mgongo akipanda na beseni la nguo zilizoloa. Akiulizwa, alisema nyumba ni za aina mbili: zilizochorwa na mtu aliyewahi kufua, na zilizochorwa na mtu ambaye hajawahi.

"Na za kwanza sijaziona bado," aliongeza.

Kwake mwenyewe kulikuwa chumba kimoja cha mabati Kambi Muru. Alikuja hapo kutoka Ndhiwa akiwa bibi harusi, na hapo ndipo alipobaki na watoto wawili mumewe alipofariki. Mkubwa, Austine, alikwenda kutafuta kazi Mombasa. Mdogo, Mitchelle, alikuwa akijifunza kusuka nywele na bado alilala nyuma ya pazia la mama yake.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Nafuna, mwanamke wa Bungoma aliyefika hapo kabla hata ya Filister. Wote walimwita Mama Vincent. Kabla jogoo wa kwanza hajawika alikuwa amewasha jiko lake la makaa nje ya mlango na kuteleka karai la mafuta, ili wale waendao kwa miguu hadi viwandani Industrial Area wapite wakinunua mandazi moto. Filister hakuwahi kununua saa ya kengele. Harufu ya mandazi ilimtosha.

Walilelea watoto pande mbili za ukuta huo. Mitchelle alipougua surua akiwa na miaka minne, mama yake alikuwa kazini na simu haikuwa na chaji. Nafuna alizima jiko, akamfunga mtoto mgongoni na kwenda naye hospitali. Filister aliporudi alimkuta binti amelala kitandani kwa jirani, dawa zimepangwa juu ya kigoda, na unga wa mandazi umechachuka ukamwagwa. Nafuna hakuutaja ule unga, siku hiyo wala baadaye.

Basi mambo yalianza siku walipokuja watu na makopo ya rangi, wakaandika nambari kwenye kila mlango. Walisema ni mradi wa nyumba mpya za bei nafuu, za ghorofa, na kwamba safari hii wakaazi wenyewe watahusishwa. Kila milango kumi ilipaswa kuchagua mtu mmoja wa kuingia kamati. Milango ya Filister ilimchagua yeye. Alijaribu kukataa, akasema hajui kuongea mbele za watu. Wakamwambia ndiyo maana wanamtaka. Waongeaji walikuwa wameshawachosha.

Nafuna hakuinua mkono.

"Mama Austine," alimwambia baadaye, "hizo hadithi nimezisikia tangu Vincent akinyonya. Watatutoa, watajenga, halafu wataingia watu wenye magari. Sasa wewe ndiwe utatubembeleza tutoke?"

Filister naye aliogopa kitu hicho hicho. Lakini alikwenda kwenye mkutano wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Kadiri alivyozidi kwenda, ndivyo upande wa pili wa ukuta ulivyozidi kunyamaza. Zamani mmoja alikuwa akikohoa, mwenzake anauliza kama amekunywa kitu cha moto. Sasa Filister alikohoa peke yake.

Mikutanoni aliwakuta watu wa mradi wakiwa na ramani kubwa ukutani. Msanifu wa majengo alikuwa msichana aitwaye Mumbua, mpole, mwenye kalamu tatu zilizochomekwa nyweleni. Alieleza vizuri, na watu wakaitikia kwa vichwa. Filister aliona kwamba wanaitikia tu. Hakuna aliyekuwa akiiona nyumba katika ile mistari. Katika mkutano wa tano akasimama kwa mara ya kwanza, akaomba wachorewe nyumba hiyo chini, kwa ukubwa wake, ili waingie.

Mmoja wa maofisa alitabasamu. Mumbua hakutabasamu. Aliliandika ombi hilo.

Jumamosi iliyofuata, katika uwanja wa kanisa, walimwaga chokaa wakachora nyumba nzima juu ya udongo mwekundu: sebule, vyumba viwili vya kulala, jikoni, bafu. Watu walikuja kama wanaokuja harusini. Waliingia penye mlango wa chokaa, na ajabu ni kwamba hakuna aliyeruka ukuta. Mzee mmoja alilala chali chumbani aone kama miguu itafika ukutani. Akina mama walibeba viti wakavipanga. Filister alikuwa amekuja na beseni lake.

Alianzia bafuni. Alipima akaonyesha kwamba mlango ukifunguka kwa ndani, mama na beseni na mtoto hawawezi kuwa humo pamoja. Kisha akauliza nguo zitaanikwa wapi. Mumbua akasema juu kabisa, kwenye paa.

"Binti yangu," Filister akamwambia, "nguo ya paani huibiwa au hunyeshewa. Na mimi nikiwa na miaka sabini nitaipandisha na nini?"

Alichukua konzi ya chokaa akachora mwenyewe, nje ya mlango, kibaraza cha kuanikia kinachotazamana na mlango wa jirani, ili nyumba mbili zitumie kamba moja. Watu wakapiga makofi. Filister alihisi uso ukimwaka kwa raha. Alipoinua macho akamwona Nafuna, amesimama ukingoni mwa uwanja, leso kiunoni, mikono imekunjwa.

Nafuna alikuja polepole. Akaingia kwa mlango, akapita sebuleni, akafika jikoni. Akageuka akitazama huku na huku.

"Na mimi mandazi nitapikia wapi?"

Mumbua alieleza kwa upole kwamba makaa hayaruhusiwi ghorofani, kwa ajili ya moshi na moto. Nafuna akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua. Akatoka kwa mlango ule ule aliouingilia, akaenda zake.

Makofi yalikuwa yameisha. Filister alibaki na chokaa viganjani. Zaidi ya miaka ishirini alikula mandazi ya mwanamke yule. Mikutano mitano aliketi akiwaza maji, milango na kamba, na hata mara moja karai lile halikumjia akilini.

Jioni hiyo alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka: alikwenda kugonga mlango wa Nafuna. Walikuwa wamezoea kuitana kupitia mabati, mlango ulikuwa wa wageni. Nafuna alifungua, akamtazama, akarudi kukaa kwenye kigoda.

"Nilisahau karai lako," Filister akasema. "Nilikumbuka nguo kwa sababu ni kazi yangu."

Nafuna alivuta birika karibu. "Karai si kitu. Ulinisahau mimi."

"Ni kweli. Nilikusahau."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Nafuna alimimina chai kikombe cha pili, akamsogezea. Wakanywa bila kuzungumza hadi Mitchelle alipokuja kumtafuta mama yake, akawakuta wamekaa hivyo. Akasema, "Haiya, kumbe mmeongea?" Nafuna akamjibu kwamba bado, lakini watafika.

Wiki mbili zilizofuata walizunguka pamoja mlango kwa mlango wakiuliza nani anapika kwa makaa ili auze. Walidhani watapata kumi. Walipata wanawake thelathini na mmoja na wanaume wanne: wa chapati, wa samaki, wa githeri ya mahindi na maharagwe, wa mutura, yale matumbo yaliyojazwa nyama. Wengi hawakuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja, kwa sababu mikutano iliitishwa saa za kupika. Nafuna ndiye aliyesimama kusema nao mbele ya mradi. Hakuwa na uoga wa Filister. Aliwauliza maofisa kama wanajenga nyumba za watu watakaokula, au za watu watakaokaa tu.

Walibishana miezi. Ofisa mmoja alisema nafasi pekee iliyobaki chini ni ya kuegesha magari. Hapo Nafuna akawaomba wenye magari ukumbini wainue mikono, na ukumbi ukacheka, hata yule ofisa. Mwishowe ikachorwa safu ya vibanda vya kupikia kwenye ghorofa ya chini, vyenye mabomba ya moshi na maji. Vibaraza vya Filister vilikubaliwa pia. Na kwa kuwa kibaraza ni cha nyumba mbili, Filister akauliza swali lake la mwisho: atakayesimama naye pale kibarazani ni nani? Kura ya kugawa nyumba ikimtupa kila mtu upande wake, si wataanza kujuana upya wakiwa wazee? Ikaamuliwa kwamba anayetaka anaweza kujiandikisha na jirani yake, wawili wawili.

Siku ya kung'oa mabati hakuna aliyelia. Kazi ilikuwa nyingi. Filister alipata chumba mtaa wa Kawangware 46, Nafuna akaenda kwa mwanawe Vincent, fundi wa umeme aliyeishi Ayany na mkewe. Waliambiwa watarudi baada ya mwaka mmoja na nusu. Ikawa karibu mitatu.

Ile ndiyo iliyokuwa miaka migumu ya Filister, ingawa kwa macho hakukosa kitu. Kule 46 majirani walikuwa watu wema, lakini walihama kila baada ya miezi michache. Baada ya ibada za Jumapili alikwenda kumwona Nafuna, ambaye mguu ulikuwa umeanza kumsumbua, na ambaye katika jiko la mkaza mwana hakuwa na nafasi ya karai. Alikuwa amekonda. Mwanamke aliyekuwa akiamka na jogoo sasa aliamka hana pa kwenda.

Jumapili moja Nafuna akamwambia kwamba kuna mtu amekuja, anataka kuinunua nafasi yake katika zile nyumba. Pesa zingemtosha kurudi Bungoma na kujenga. Alisema huku akichambua sukuma wiki, bila kuinua macho.

Filister alishika majani naye akaanza kuchambua. Akajizuia.

"Unaonaje wewe?" Nafuna akauliza.

"Mimi usiniulize," Filister akasema. "Nikikwambia kataa, nitakuwa najisemea mimi. Ukienda nitakuja Bungoma kukutembelea, tena nitakuja na begi kubwa."

Wiki tatu zilipita. Filister hakuuliza. Siku ya ishirini na mbili, akiwa katikati ya kukamua blanketi la watu, simu ikalia. Nafuna alisema amemkatalia yule mtu, akamwambia aende salama. Kisha akauliza bei ya unga kule Kawangware. Filister akamtajia. Alipokata simu aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, na mwenye nyumba alipotokea kuuliza kama anaumwa, akasema hapana, amepumzika tu.

Kura ilipigwa asubuhi ya jua kali. Filister alimsukuma Nafuna akatoe karatasi kwa niaba ya wote wawili. Ghorofa ya tatu. Nafuna alilalamikia mguu wake ngazi zote hadi juu, akipumzika kila kona na kuuliza ni nani aliyechagua ghorofa hiyo. Filister akamkumbusha mkono ulikuwa wa nani. Juu walikuta milango miwili inayotazamana, kibaraza katikati, kamba zimefungwa tayari.

Siku ya kuhamia wanawake wa kanisa walikuja kuomba na kuimba. Vyombo vilipopangwa na wageni walipokuwa wakila, Filister aliingia bafuni, akafunga mlango, akafungua maji yaende. Akalia. Alilia kwa yote ambayo hakuwahi kuyalilia, kwa sababu katika chumba kimoja mama hana pa kujificha asionekane na watoto. Mitchelle alikuja kugonga taratibu.

"Mathe, uko sawa?"

"Niko sawa. Nataka kukaa hapa kidogo."

Mitchelle akamwacha. Akawaambia wageni mama anajaribu maji.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Maji hukatika siku nyingine, na wapo waliopangisha nyumba zao wakarudi kwenye mabati. Malalamiko ya ngazi nzima humfikia Filister, kwa sababu watu hawajasahau kwamba alikuwa kamati. Nafuna ana kibanda nambari nne chini, na msichana wa kumsaidia kuchota maji; foleni ya asubuhi hufika hadi lango. Filister sasa hufua siku mbili tu kwa wiki.

Mwezi uliopita watu wa Kawangware 46, ambako nako mradi kama huo unazungumzwa, walimwita aende kuwaeleza. Alizungumza saa nzima, sauti ikatetemeka mwanzoni, ikatulia. Aliwaambia wahesabu kwanza wale ambao hawakuja mkutanoni, wajue wako wapi saa hiyo na wanafanya nini. Alirudi jioni amechoka, mvua imemnyeshea njia nzima.

Kibarazani kamba zilikuwa tupu. Nafuna alikuwa ameanua nguo zote mvua isizifikie, akaziweka juu ya kiti zimekunjwa ovyo, mashati yametoka mikunjo ya ajabu. Alikuwa amesimama mlangoni pake akingoja ashukuriwe. Filister akamshukuru. Alipoingia ndani na zile nguo akaushika mlango, akaurudisha taratibu Nafuna asisikie, akaketi na kuanza kuzikunja upya moja moja.