Uyoga wa Jumapili

Kwetu Didia sheria ya uyoga ni moja: ukiota kichuguuni, chuma, ukiota kwingine, pita. Mama mkubwa, mke wa kaka yake baba, ndiye aliyetulea mimi na kaka yangu baada ya wazazi kufa, na sheria hiyo alitufundisha kabla ya sala. Maisha yake yote haikuwahi kumwangusha. Siku ilipomwangusha, ilituangusha nyumba nzima.

Nianze na kaka, maana ndiye tuliyekuwa tukimhangaikia. Alikuwa mchimbaji Geita. Duara lao, ndivyo wanavyoita shimo, lilititia wakiwa chini yeye na mwenzake mmoja, wakakaa chini ya kifusi mpaka siku ya pili. Yeye alitoka. Mwenzake alitolewa maiti. Kaka akarudi nyumbani mwembamba, na jibu moja kwa kila swali: "Poa." Tangu siku hiyo hakuingia chini ya paa lolote. Alilala zizini na ng'ombe, kajifunika turubai. Kiangazi tulivumilia. Mvua zilipoanza akaanza kukohoa kikohozi kile kinachotoka mbali, na mimi mwenye duka la dawa pale Tinde nikajua kwamba tusipomwingiza ndani kabla mvua hazijakolea, tutamzika mara ya pili.

Hatukukaa bure. Baba mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, alimwombea kwa sauti mpaka ng'ombe wakasogea. Mama mkubwa, kwa siri ambayo kijiji kizima kiliijua, alimwita mganga; mganga akala mbuzi mweusi, akasema mizimu yenye shimo imekasirika, akaondoka kashiba. Hospitali wakatupa vidonge vya usingizi. Vilifanya kazi vizuri sana. Kaka alilala fofofo, zizini.

Mimi nikakimbilia simu, kama kila mtu aliyeishiwa mbinu. Huko ndiko nilikokutana na silosibini, kemikali iliyomo kwenye aina fulani za uyoga, na baadhi yake hupenda kuota kwenye mavi ya ng'ombe. Nikasoma kwamba wenyeji wa Mexico waliutumia tangu zamani kwenye ibada na tiba, kwa heshima zote. Wakaja mapadri wa Kihispania wakasema ni kazi ya shetani. Baadaye sana wakaja vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu, wakautafuna kama karanga, serikali zikapata hofu na kuupiga marufuku. Sasa madaktari wameurudia kwa adabu: wanaupima kwa watu wenye sonona isiyosikia dawa, kwa wagonjwa wa saratani wanaoogopa kifo, na wengine wameanza kuuliza kama utawafaa walionusurika na mambo mazito. Wanasema unalegeza fundo ambalo akili imejifunga yenyewe. Wanasema pia kwamba bado wanapima, na kwamba si wa kila mtu, kwani wengine unaweza kuwavuruga zaidi.

Nikawasimulia nyumbani. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuonekana ninajua kitu. Mama mkubwa aliweka chini ungo wake.

"Uyoga wa kwenye mavi?" aliuliza. "Ng'wana wane, mwanangu, hao Wazungu hawana vichuguu?"

"Ni dawa ya kichwa, mama."

"Hicho kichwa kitakuwa kimeoza. Humu ndani tunakula uyoga wa kichuguu tu, mpaka Yesu arudi."

Jumapili iliyofuata tulirudi kutoka kanisani tumelowa. Mama mkubwa alikuwa ameamka alfajiri, akapita ngitili, lile eneo la malisho tunalolitunza, na kwenye kichuguu kikubwa akajaza kikapu. Akaupika kwa karanga. Nilimwona vidole vina madoa ya bluu, nikadhani ni rangi ya nyuzi za vitambaa anavyodarizi. Ulikuwa mtamu, niseme ukweli. Tulikula watatu, mezani, ndani. Kaka alipelekewa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa kule kule zizini. Uyoga alikuwa haugusi tangu arudi, kwa sababu unanukia udongo mbichi.

Haikupita saa. Baba mkubwa alikuwa anaeleza kwa nini mahubiri ya siku ile yalikosa nguvu, akanyamaza, akatazama bati. "Linapumua," akasema kwa upole. Kisha akacheka. Mimi sikuwahi kumwona baba mkubwa akicheka kwa meno yote, nilidhani hana. Akainuka, akaenda mlangoni alikosimama jogoo akijikinga mvua, akainama na kumwambia, "Shikamoo." Jogoo hakuitikia marahaba. Baba mkubwa akaanza kumlilia akimwomba msamaha wa Krismasi zote.

Hapo nikaelewa. Nikakumbuka yale madoa ya bluu, maana nilikuwa nimesoma kwamba uyoga ule ukiminywa hugeuka bluu. Nilijua jina la kemikali, nilijua itatuchukua saa nne mpaka sita, nilijua kila kitu isipokuwa namna ya kusimama. Misuko ya ungo ukutani ilikuwa inatembea, inakwenda na kurudi, na mimi nikaona ni jambo zuri mno, nikalia kwa sababu hakuna aliyewahi kuushukuru ule ungo.

Lakini mama mkubwa kwake halikuwa zuri. Aliingia chumbani kwake, chumba kisicho na dirisha la maana, akatambaa chini ya kitanda. Nikasikia sauti yake: "Nafukiwa! Jamani, udongo! Nafukiwa!"

Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilitaka kwenda, miguu ikakataa. Baba mkubwa alikuwa bado na jogoo.

Kaka akatokea mlangoni. Turubai begani, maji yanamtiririka. Alisimama pale kizingitini, na hata kwa macho yangu ya siku ile, yaliyokuwa yanaona rangi zisizokuwepo, niliona ameishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Mama akapiga tena ukelele: "Hewa! Hewa hakuna!"

Akaingia. Akanipita, akapita meza, akaingia kwenye chumba kile cheusi, nikasikia akilala sakafuni.

"Mama," alisema. Hakuna "poa" tena. "Mama, nipe mkono. Pumua polepole. Hewa ipo. Nimeikagua mwenyewe."

"Ipo?"

"Ipo. Tulia, wanakuja."

Alirudia maneno hayo mchana kutwa, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeyajua kwa moyo. Katikati alitoka mara moja kumtoa baba mkubwa kwenye mvua na kunifunika mimi khanga, akarudi ndani.

Jioni akili ziliturudia. Baba mkubwa alijifuta uso na kutangaza kwamba alitembelewa na Roho. Kesho yake nilimpeleka ngitili tukakague. Juu ya kile kichuguu alikuwa amesimama dume letu jeupe, mkia juu, akifanya kazi yake. Ng'ombe wetu wakikimbia matope hupanda vichuguuni, na kwenye mavi wanayoacha huko juu huota kinachoota. Baba mkubwa alivua kofia.

"Roho Mtakatifu hupitia njia nyingi," alisema, "lakini hii usimwambie mchungaji."

Nimesoma tena tangu siku hiyo. Huko wanakoufanyia utafiti, mgonjwa hapewi tu na kuachwa. Hukaa naye mtu aliyefunzwa, muda wote, akimshika mkono na kumwambia yuko salama. Wanasema bila huyo, uyoga ni vurugu tu. Nasi tulipata vurugu kwa wingi. Siuzi uyoga dukani, na anayeniuliza namfukuza, maana ni hatari na sheria haicheki. Kilichonishinda kukieleza ni kwamba tuliokula ni sisi, na aliyeingia ndani ni yeye.

Siku moja, tukimenya karanga, nilimuuliza kaka yale maneno aliyapata wapi.

"Nilimwambia mwenzangu kule chini," alisema. "Hivyo hivyo. Akaniamini."

"Na hewa ilikuwepo?"

Akamenya karanga moja, akaiweka. "Haikuwepo. Ya mama ilikuwepo."

Nililia, na safari hii sikuwa nimekula uyoga.

Kikohozi kimeisha. Analala sebuleni, mlango wazi, miguu nje ya kizingiti, kuku wanaikanyaga. Zizini harudi. Mama mkubwa, ambaye hataki kabisa kusikia habari za Jumapili ile, kila akizima taa huuliza gizani kutoka chumbani kwake, "Hewa ipo?"

"Ipo, mama," anajibu kaka. "Lala."