Majembe Matatu ya Nyumba Yangu

Mwaka 2022, vuli ikiwa bado inasubiriwa na mimi nikiwa na umri wa miaka sitini na miwili, shule ya sekondari ya kijiji chetu, huku juu milimani Same, ilipokea wanafunzi kumi kutoka Ujerumani. Walikuja kwa juma moja. Kila mmoja alitakiwa kukaa na familia ya hapa, ale inachokula na aende shule na mtoto wa nyumba hiyo. Mwaka uliofuata, watoto wa familia hizo hizo wangekwenda kwao na kupokelewa vivyo hivyo. Sharti lilikuwa moja: nyumba isiyopokea mgeni, mtoto wake hasafiri.

Mjukuu wangu, ambaye nilikuwa nikiishi naye peke yake, alikuwa kidato cha tatu. Alikwisha kujifunza kusema kwa Kijerumani kwamba ana njaa, kwamba ameshiba, na kwamba bibi yake hajambo, na maneno hayo aliyarudia akichambua maharage hadi mimi mwenyewe nikayashika. Niliomba tupewe mgeni. Kamati ya shule ilinikatalia tarehe 3 Septemba.

Mwenyekiti wa kamati ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuja mwenyewe kunieleza, na alikunywa vikombe viwili vya chai yangu ya tangawizi kabla ya kulitoa neno. Alisema kwamba wageni wameombewa familia, na familia ni baba, mama na watoto. Mimi na mjukuu wangu tulikuwa wanawake wawili wanaoishi pamoja. Nilimjibu kwamba kaka yake alifariki tarehe 21 Machi 2004, na kwamba nilikuwapo mazikoni na sikuona nyumba ikishushwa kaburini pamoja naye. Alicheka, akaomba kikombe cha tatu, na uamuzi ukabaki palepale.

Mimi si mtu wa kukubali hapana ya kwanza. Nilijifunza kusoma mwaka 1998 katika darasa la watu wazima, nikiwa na miaka thelathini na minane, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 2009, katika chumba kimoja na vijana wawili ambao mama zao niliwasaidia kujifungua. Kwa hiyo nilipaka chumba cha pili chokaa, nikangoja.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, mama wa familia mojawapo iliyochaguliwa alikwenda Gonja kumwuguza binti yake aliyelazwa hospitalini. Mkuu wa shule, mwanamke asiye na subira ya vikao, alinipigia simu akauliza kama nina kitanda. Shemeji alikubali shingo upande: nimpokee mgeni kwa muda, na kama mapokezi hayo yatahesabika au la, kamati ingeamua wageni wakishaondoka. Safari ya mjukuu wangu ikawa imening'inia hapo, nami nikaliingia juma lile kama mtu anayeingia chumba cha mtihani.

Mgeni wetu alifika Jumatano tarehe 12 Oktoba, jioni. Alikuwa binti wa miaka kumi na sita, mrefu kuliko mlango wangu, na alikuwa amesoma Kiswahili shuleni kwao mwaka mzima. Aliniamkia shikamoo kwa usahihi kabisa, kisha akamgeukia mjukuu wangu, akamwamkia shikamoo vilevile. Mjukuu wangu aliitikia marahaba bila haya yoyote, na baadaye niligundua kwamba aliendelea kuipokea heshima hiyo kila nilipotoka chumbani.

Huko kwao binti yule aliambiwa kwamba Afrika ni joto. Alileta chupa tatu za mafuta ya kujikinga na jua, na sweta hata moja hakuwa nalo. Asubuhi ya kwanza, ukungu ulipotanda hadi kizingitini, nilifungua sanduku nikamvika koti zito la sufu la marehemu mume wangu. Lilimkaa kana kwamba alishonewa yeye.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa tarehe 14, Siku ya Nyerere, na shule zilifungwa. Alfajiri baragumu lilipigwa kuitisha msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, kwenda kuzoa tope katika ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mifereji. Nilikuwa nimekwisha kutoa jembe langu na la mjukuu wangu nilipomwona mgeni amesimama mlangoni, amevaa koti, amefunga vifungo vyote.

“Bibi, leo ni siku ya tatu,” alisema. “Naomba jembe langu.”

Ilinichukua muda kuelewa. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, naye aliipokea methali ile kama sheria ya nchi. Usiku alikuwa na wasiwasi kwamba sitampa, kwa maana nisipompa, basi simhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Nilimweleza kwamba methali ni namna ya kusema. Aliniuliza kama wageni wangu wengine hawakuwahi kulima, nami, kwa kuwa sisemi uongo, niligeuka nikafunga mlango wa jikoni. Kamati ilikwisha kuagiza kwamba wageni wasipewe kazi nzito, na msimamizi wa msaragambo alikuwa shemeji yule yule. Mjukuu wangu, ambaye safari yake ndiyo iliyokuwa hatarini, ndiye aliyezunguka nyuma ya nyumba akarudi na jembe la tatu.

Shemeji alituona tukiteremka. Alisimama kwenye ukingo wa ndiva akiliangalia lile koti.

“Shemeji,” alisema hatimaye, “nilidhani kaka amerudi kudai zamu yake ya maji.”

“Kaka yako hakuwahi kufika msaragambo mapema hivi,” nilimjibu, na watu wakaangua kicheko.

“Na mgeni umempa jembe. Kamati itasikia.”

“Kamati ni wewe. Umeshasikia.”

Binti alichimba hadi tope likamfika magotini. Kiatu kimoja kilizama, na wanawake watatu waliingia kukitafuta wakicheka zaidi kuliko walivyotafuta. Kazi ilipokwisha, shemeji alihesabu majembe kwa sauti, kama ilivyo desturi, maana nyumba isiyotoa jembe haipewi maji. Alipomfikia mgeni alimwuliza swali analomwuliza kila mtu, kwamba jembe lile ni la nyumba gani.

“La nyumba ya Bibi,” alijibu.

Shemeji alikohoa. Kisha akatangaza, kijiji kizima kikisikia, “Nyumba ya shemeji yangu, majembe matatu.”

Siku zilizobaki zilipita kwa makande, kwa nyimbo za kanisani alizoziimba kwa maneno ya kwao, na kwa vita yake na chai ya tangawizi, ambayo mwishoni aliishinda. Aliondoka Jumatano tarehe 19, begi lake likinuka tangawizi, na mjukuu wangu alimwamkia shikamoo mbele ya gari.

Kamati ilikaa Jumamosi tarehe 29 Oktoba, nami niliitwa. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba familia ni baba, mama na watoto. Mwingine akataja lile jembe. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye vipengele sita, lakini niliposimama niliiacha yote.

“Shemeji,” nilisema, “Siku ya Nyerere ulihesabu majembe matatu. Yalikuwa ya nyumba ya nani?”

“Yako.”

“Kwenye ndiva mimi ni nyumba. Hapa shuleni ni nini?”

Alitazama dari, akamtazama mkuu wa shule, ambaye alikuwa ameshika kalamu tangu kikao kilipoanza.

“Andika familia,” alisema. “Nikikataa, itabidi nimnyang'anye na maji.”

Wajumbe wote walinyoosha mikono. Shemeji alimwita mjukuu wangu, aliyekuwa akisikiliza dirishani akidhani haonekani, akamwambia kwamba akifika Ujerumani, siku ya tatu asingoje kuambiwa. Mkuu wa shule alinisogezea karatasi, akanionyesha mahali pa mkuu wa familia. Niliandika majina yangu yote matatu, nikatia sahihi, kisha nikaandika tarehe, ingawa hakuna aliyeniomba tarehe.