Mama Dirisha na utando usioachia kioo

Saa moja na robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na moja anasimama kwenye dirisha pekee la chumba cha kuoshea vyombo vya maabara. Anainua mrija wa kioo usawa wa jicho, anafumba jicho la kushoto, kisha anauzungusha taratibu kwa vidole viwili.

Nyuma yake chungu kikubwa cha mvuke kinakoroma. Humo ndani mirija mingine arobaini inachemshwa, ili kila kilichokuwa hai kife kabla hakijafika kwenye sinki lake.

"Njoo utazame," anamwambia mwandishi.

Mwandishi anatazama. Kioo ni kitupu na kinang'aa. Haoni kitu.

"Geuza kidogo. Hapo hapo. Sasa je?"

Lo! Kuna mduara. Ni mwembamba kama uzi, wa kijivu, umezunguka ukuta wa ndani pale maji yalipoishia. Ukigeuza tena, haupo.

"Huyo mdudu ameshapikwa, kafa," anasema mama huyo. "Lakini hajaachia."

Hapa hospitalini wanamwita Mama Dirisha. Kazi yake ni kuosha vyombo, na kwa siku huosha mirija mia na arobaini, wakati mwingine mia mbili. Mshahara wake ni wa mtu wa usafi, ngozi ya vidole imepasuka kwa sabuni kali, na kiti alichopewa mwaka wa kwanza kilivunjika mguu, hakikuletwa kingine. "Nimezoea kusimama," anasema. "Nikikaa nasinzia."

Kinachomtofautisha na waosha vyombo wengine ni kwamba hakuna mrija unaogusa sabuni kabla hajautazama.

Mtaalamu wa maabara, kijana mrefu mwenye maneno mengi, anaeleza sababu. Sampuli ya mgonjwa hutiwa kwenye supu ya kuoteshea vijidudu. Vikiota, supu inachafuka, na kila mtu anaviona.

"Sasa kuna wengine hawaogelei," anasema, huku ameshusha sauti kana kwamba wanasikia. "Wanashika ukuta. Wanatoa ute, wanajijengea utando, wanajifunika humo na kutulia. Supu inabaki angavu kabisa. Sisi tulikuwa tunachukua tone la supu tunalichunguza, hatukuti kitu, tunaandika hakuna kilichoota. Kumbe mwenyewe yuko ukutani anatutazama."

Ndani ya mwili wa mtu wanafanya vilevile, anaongeza. Wanapenda sana mipira na vyuma anavyowekewa mgonjwa. Dawa inapita juu yao, homa inapungua, dawa ikiisha wanarudi.

Kabla ya miaka miwili iliyopita, hakuna aliyekuwa akizitazama kuta za mirija hapa. Kisha ukaja mrija wa mgonjwa namba 417.

Mama Dirisha anakumbuka ilikuwa Jumatatu. Alipouingiza mkono wenye glovu kwenye beseni, kidole kikateleza. Akauinua dirishani, akaona mduara. Akaosha, maana ndiyo kazi yake. Alhamisi ikaja tena namba ileile, mduara uleule, kimo kilekile. Jumatatu iliyofuata ikaja mara ya tatu.

"Nywele zilinisimama," anasema. "Mara tatu, jamani! Kama mtu anayebisha hodi mlango uleule. Nikachungulia daftari la majibu. Mara zote tatu wameandika hakuna kilichoota."

Akauchukua mrija, akatembea hatua kumi na nne za korido hadi upande wa wataalamu, akaubwaga mezani.

"Mama, hiyo ni sabuni," mtaalamu alimwambia bila kuinua kichwa.

"Sabuni? Nimeosha hivi vitu miaka tisa, leo hii wewe mtoto wa juzi unifundishe sabuni? Hata sijauosha!"

Mtaalamu anacheka akikumbuka, ila kicheko chake ni kifupi. Ili yaishe, alitia rangi ya zambarau ndani ya mrija, akaisuuza kwa maji. Rangi yote ikaondoka isipokuwa kwenye ukuta. Hapo palibaki pete ya zambarau iliyokolea, na chini yake michirizi kama ya mtu aliyeshika ukingo kwa kucha.

"Nilinyamaza," anakiri. "Mimi, kunyamaza!"

Sampuli mpya ikachukuliwa siku hiyohiyo. Supu yake ilipolala usiku mmoja, safari hii walikwangua ukuta wa mrija. Kesho yake sahani ya kuoteshea ilikuwa imejaa vijidudu.

Namba 417 alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye mpira kifuani wa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Kila akiunganishwa, haipiti nusu saa anatetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Siku mbili tu zilikuwa zimebaki arudishwe nyumbani na karatasi yake safi. Mpira ule ukatolewa, akabadilishiwa dawa, na homa haikurudi tena. Alipopata nguvu alishuka mwenyewe hadi chumba cha kuoshea, akashika fremu ya mlango, akasema, "Nimekuja kumwona aliyeniona."

Wawili hao walilia mpaka mtaalamu akakimbia.

Ingekuwa simulizi ya furaha kama ingeishia hapo. Lakini jioni hiyo, akiwa nyumbani akisuuza bilauri, Mama Dirisha alisimamisha mkono katikati.

Miaka minne kabla ya hapo, mumewe, fundi wa kuezeka, alianguka kutoka kwenye paa akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali hiihii, akawekwa mpira wa mkojo. Homa ikaanza. Ilipanda kila jioni na kushuka kila asubuhi, kwa wiki tano. Mkojo wake ulipimwa mara tatu.

"Safi, safi, safi," mjane wake anahesabu kwa vidole.

Akafa akiwa safi. Msibani wifi yake mkubwa, dada wa marehemu, alisimama mbele ya watu akasema ugonjwa ambao hospitali nzima haiuoni umetengenezwa jikoni kwa mke. Tangu siku hiyo hajaitikia salamu yake. Wakikutana njiani, wifi huvuka barabara.

"Karatasi ilisema hakuna kitu. Hata mimi niliiamini."

Baada ya kisa cha 417 aliomba kuona daftari la zamani. Akazikuta siku zile tatu. Kisha akatafuta daftari la zamu, na siku zote tatu jina lililoandikwa kwenye kuosha lilikuwa lake.

Anavigeuza viganja vyake kwenye mwanga wa dirisha.

"Kwa hiyo mirija yake niliishika," anasema. "Niliishika yote mitatu, nikasugua vizuri, nikaanika. Kama utando ulikuwepo, niliuondoa mimi. Kama haukuwepo, sitajua. Hilo ndilo linaniua."

Nyumbani wanawe wamechoka. "Mama anaikagua glasi ya maji kama askari wa mpakani," bintiye mkubwa anasema. Ndoo, miswaki, chupa ya mtoto wa jirani, vyote hupelekwa kwenye mwanga. Hata mwandishi hakupona. "Hiyo chupa yako ya maji uliiosha lini kwa ndani?" aliulizwa, na tangu hapo hajainywea.

Tangu 417, mama huyu amewapelekea wataalamu namba za wagonjwa kumi na tisa. Sampuli zao zilirudiwa, na kumi na moja kati ya hizo zilikuwa na utando kweli. Lakini kuna jambo linalomnyima raha. Wataalamu hukwangua ukuta akishawaambia tu, nao mrija unamfikia yeye ukishapikwa, na karatasi ya majibu imeshapanda wodini. "Mimi ni wa mwisho kuona. Nataka niwe wa kwanza."

Kwa hiyo anasoma. Mwezi ujao anarudia mtihani wa sekondari aliouacha akiwa na miaka kumi na saba, na akifaulu ataomba kozi ya usaidizi wa maabara, ahamie ng'ambo ya zile hatua kumi na nne. Mtaalamu mwenye maneno mengi humfundisha kemia wakati wa mapumziko, na anadai hajawahi kuona mwanafunzi mkaidi kiasi hicho.

Kwenye kizingiti cha dirisha umesimama mrija mmoja peke yake, mpya, haujatumika. Umebandikwa namba kwa mkono wake. Ni namba ya mumewe.

Mwandishi anauinua kwenye mwanga. Anaugeuza huku, anaugeuza kule.

"Umeona nini?"

"Hakuna kitu."

"Ndivyo walivyoandika," anasema, akiurudisha mahali pake polepole.

Siku atakayopata cheti, anasema, hatafanya sherehe. Atakwenda kwa wifi, amshike mkono hata akikataa, amlete hapa dirishani. Atampa mrija wowote wenye utando.

"Najua atasema haoni. Sitamgombeza. Nitamwambia tu, wifi yangu, geuza kidogo."