Hodi ya Dalali

Dalali wetu mpya hupiga hodi hata kwenye nyumba tupu. Funguo anazo, mteja yuko nyuma yake, lakini lazima asubiri kidogo ndipo afungue. Akishaingia hufungua mabomba yote, huvuta maji chooni, kisha hugonga kuta kwa kidole, ametega sikio kama daktari. "Hapa pana unyevu, dada, nisikufiche," aliniambia siku aliponitafutia chumba, nami nikakichukua hivyo hivyo.

Jana alinipeleka kuona nyumba yake ya kwanza, aliyoinunua ili apangishe. Akapiga hodi, akasubiri, kisha akacheka mwenyewe. Akaingia peke yake, akaurudishia mlango. "Hebu piga hodi wewe, dada!" Nikapiga.

"Karibu!" akaitikia, kwa sauti ya mwenye nyumba.