Fundi wa Ndege ya Szalai

Kwa miaka kumi na tisa mjini Pécs, hakuna aliyemtaja Jenő Szalai bila kumtaja na Vilmos Bodrogi. Jenő alikuwa rubani, Vilmos fundi. Ndege yao, ya mbao laini za balsa, ilikuwa na mabawa ya urefu wa mita moja tu, nayo ilishikwa na nyaya mbili za chuma nyembamba kama uzi. Jenő alisimama katikati ya uwanja na nyaya mkononi, akizunguka bega kwa bega na marubani wengine wawili, huku ndege tatu zikifukuzana kwenye duara moja. Vilmos alichuchumaa nje ya duara. Mafuta yakikaribia kwisha Jenő aliizima injini, ndege ikaja inateleza chini, Vilmos akaidaka kwa bawa, akaijaza mafuta, akaipiga propela kwa kidole, akaiachia. Yote hayo yalikwisha kabla mtu hajapiga chafya mara mbili.

Etelka, mkewe Vilmos, alikuwa akiwaambia majirani kwamba angekubali kuolewa na kidole kile peke yake, hayo mengine ni mzigo tu.

Jambo moja walilolikosa ni ubingwa wa taifa. Walikuwa wa pili mara sita na wa tatu mara nne, mpaka wenzao wakawabatiza jina la Wapili. Kila msimu, jamaa mmoja mnene wa Budapest aliwapokea uwanjani kwa maneno yale yale: "Haya jamani, Wapili wameshafika. Sasa tugombee ya kwanza kwa amani."

"Mwaka huu utakuja kuniomba nikubebee mzigo wako wa aibu," Jenő alikuwa akimjibu, na Vilmos alicheka kimya kimya, kwani yeye hakuwa mtu wa maneno.

Majira ya baridi kuelekea mwaka elfu moja mia tisa themanini na nne, Vilmos alimaliza kutengeneza injini mpya. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha glavu, na msimamizi wake alimruhusu kutumia mashine baada ya zamu. Ilimchukua majira mawili ya baridi kuikamilisha. Siku ya kuijaribu, Jenő aliisikiliza kwa dakika nzima, akavua kofia.

"Vili," alisema, "hii haitaki rubani. Inataka mtu wa kuiomba isiondoke."

Siku zilezile za furaha ndipo mkono wa Vilmos ulipoanza kumsumbua. Mwanzo ulikuwa mdogo: kijiko kilichogonga ukingo wa bakuli la supu. Vilmos alibadili mkono. Mwezi Machi daktari alimwambia anyooshe vidole, aguse pua, atembee mpaka dirishani na kurudi, kisha akamweleza kwamba ugonjwa huo hauui haraka na hauponi. Vilmos aliuliza swali moja tu: kama utaathiri kidole. Daktari akasema utaathiri kila kitu, polepole. Alipofika nyumbani alimwambia Etelka. Kwa Jenő alinyamaza. Tangu siku hiyo alizoea kutembea na mkono wa kulia mfukoni, na Jenő akamtania kwamba anajifanya mkurugenzi.

Mwezi Mei walikwenda Szeged kwa mashindano ya kwanza ya msimu. Ndege yao iliongoza. Mzunguko wa thelathini na tatu Jenő aliishusha, ikaja vizuri, chini chini, palepale ilipotakiwa. Vilmos alinyoosha mkono wa kushoto kudaka na wa kulia kujaza. Mkono wa kulia ulikataa. Ulitikisika, kiwiko kikamgonga kifuani, na bawa likapita chini ya vidole vyake. Alikimbia kuifuata. Alipoipata aliipiga propela mara moja, mara mbili, mara ya sita ndipo ikawaka. Walimaliza wa mwisho.

Katika kukusanya vitu Jenő alikunja nyaya kwenye kibao chake bila kuinua macho.

"Jua lilikuwa machoni mwako," alisema.

"Ndiyo," Vilmos akajibu. "Lilikuwa kali."

Jua lilikuwa mgongoni, na wote wawili walilijua hilo. Walipanda treni, wakala mikate ya mafuta ya nguruwe na vitunguu aliyowafungia Etelka, wakazungumzia hali ya hewa mpaka Pécs. Vilmos aliona nafasi nne za kusema. Ya kwanza ilikuwa pale treni ilipovuka daraja. Zote aliziacha zipite, na moyoni alijiahidi kwamba kesho atakwenda kwa Jenő na kumweleza kila kitu. Kesho yake ikapita, na wiki, na mwezi.

Jenő naye aliacha kupita nyumbani kwa Vilmos siku za Jumamosi. Kwanza alikuwa na mafua, kisha alikuwa na wageni, kisha hakutoa sababu.

Mwanzoni mwa Agosti Vilmos alikwenda klabuni na injini, amekwisha kuisafisha na kuifunga kwa kitambaa cha pamba. Ubingwa wa taifa mwaka huo ulikuwa unafanyika Pécs kwenyewe, wiki mbili mbele. Mlangoni pa klabu palibandikwa karatasi ya washiriki. Aliisoma akiwa amesimama, kama mtu anayesoma ratiba ya basi analolijua. Mstari wa nne uliandikwa: Szalai, Ficsor.

Aliusoma tena. Barnabás Ficsor alimfahamu. Alikuwa mtengenezaji wa meno bandia, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye vidole vyepesi. Alijiunga na klabu miaka mitatu nyuma, na Vilmos ndiye aliyemfundisha namna ya kuipiga propela bila kuachiwa alama kidoleni.

Ndani alimkuta Piroska, katibu wa klabu, akigonga taipureta.

"Ah, kaka Vili. Umekuja kutusaidia kupaka chokaa uwanja?"

"Hii karatasi ya mlangoni nani kaandika?"

"Mimi. Kuna jina nimelikosea?"

"Hapana," alisema Vilmos. "Majina yapo sawa."

Piroska alimtazama, mikono yake ikabaki juu ya taipureta. "Nilidhani mmeshaongea. Jenő aliniambia mmeshaongea."

"Tumeongea, tumeongea."

"Kaka Vili, keti kidogo. Nikutilie kahawa."

"Etelka ananisubiri." Aliweka kile kitambaa juu ya meza, taratibu, kwa mkono wa kushoto. "Mpe Jenő. Mwambie nimebadilisha pete ya silinda."

"Lakini hii si umeitengeneza wewe?"

"Itafanya nini kwangu, itanichemshia chai?"

Alirudi nyumbani kwa miguu, akapitia njia ndefu ya reli ili asipite mbele ya nyumba ya Jenő. Alipofika alimwambia Etelka kwa sentensi moja. Etelka alikuwa anamenya pilipili hoho. Aliendelea kumenya, machozi yakimchuruzika, na alipomaliza aliitupa ile sahani ya maganda ndani ya beseni kwa nguvu hata ikavunjika.

"Mtu amekula mezani kwangu miaka kumi na tisa," alisema. "Akashindwa kuvuka barabara mbili."

"Na mimi nilishindwa kuzivuka," Vilmos akasema. "Tangu Machi."

Etelka akainama kuokota vipande vya sahani.

Siku ya mashindano alisema haendi. Saa tatu asubuhi alikuwa bado bustanini, akifunga nyanya zilizokwisha kufungwa. Kutoka uwanjani zilisikika injini, zikilia kama nyigu wakubwa nyuma ya mapaa ya nyumba. Mojawapo aliitambua. Aliisikiliza, kamba mkononi. Etelka alitoka na koti lake.

"Nenda," alisema. "Utaniulia nyanya."

Alikwenda, akakaa juu ya mwinuko wa majani pamoja na watazamaji, kati ya mama mmoja na kikapu chake cha soseji na wazee wawili wenye divai iliyochanganywa na maji ya soda. Hakuwa amewahi kukaa pale. Kutoka juu, marubani watatu katikati walionekana wadogo, wamebanana, wakizunguka kama watu wanaocheza ngoma ya harusi wasiyoipenda. Alimwona Ficsor amechuchumaa mahali pake, na mrija wa kujazia mafuta mkononi kama alivyomfundisha. Alidaka vizuri. Propela iliwaka kwa pigo moja. Wale wazee wakapiga makofi.

Lakini kwenye mzunguko wa sabini sauti ya injini ilikwaruza. Hakuna mwingine aliyeisikia pale mwinukoni. Vilmos aliisikia mwilini, kama mtu anavyomsikia mwanawe akikohoa chumba cha pili. Skrubu ya juu, ile inayobana mgandamizo, ilikuwa imekazwa mno. Injini ilikuwa inachemka. Walipita kwenda fainali, lakini kwa shida, wakiwa wa tatu kati ya timu tatu zilizopita, na fainali ni mizunguko mia mbili. Vilmos alijua kwamba kwa mkazo ule haitafika mia moja na hamsini. Itajiua.

Alikaa. Ilikuwa imebaki saa moja kabla ya fainali, na nusu yake aliimaliza akitazama viatu vyake. Baadaye Etelka alimuuliza kama hakutamani, japo kidogo, ife pale mbele ya watu wote. Alimjibu kweli: alitamani, kwa muda wa kama dakika kumi.

Kisha aliinuka akateremka.

Jenő alikuwa kivulini akifuta nyaya. Alipomwona alisimama wima, kitambaa mkononi. Vilmos hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Ficsor.

"Barna, umeikaza mno."

"Nilihisi hivyo, Bwana Vilmos," Ficsor alisema haraka, kama aliyekuwa akimngoja. "Lakini niliogopa kuigusa."

"Irudishe nyuma kidogo, upana wa unywele. Ukiijaza mara ya pili itakuwa imeshapata moto, irudishe tena kiasi hichohicho. Usiifuate saa. Isikilize."

Ficsor alimnyooshea ufunguo mdogo. "Tafadhali, ishike wewe. Inakujua."

Vilmos aliupokea kabla ya kufikiri. Aliinama, akaulenga ufunguo kwenye skrubu, na mkono ukaanza. Chuma kiligonga chuma, ti-ti-ti-ti, sauti ndogo, kali, isiyokwisha. Ficsor alitazama pembeni. Nyuma yao Jenő aliacha kufuta nyaya. Vilmos alijaribu kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, nayo mikono yote miwili ikagonga.

"Fanya wewe," alisema hatimaye, akaurudisha ufunguo. "Mimi nitakuambia pa kuishia."

Ficsor alizungusha. Vilmos akasema, "Hapo." Basi. Akapanda tena mwinuko.

Fainali ilichukua dakika saba na sekunde kumi na moja. Ndege ya Jenő ilipita za wenzake kwa juu, mara moja, mara tatu, kwa utulivu wa mtu anayejua njia ya kwenda kwake. Wakati wa kujaza mafuta mara ya pili Vilmos aliona mkono wa Ficsor ukienda kwenye skrubu, na kidole chake mwenyewe kikajikunja juu ya goti. Injini iliimba mpaka mzunguko wa mwisho. Wapili walikuwa wa kwanza. Wale wazee walimwagia divai majirani, na yule mnene wa Budapest alivuka uwanja mzima kwenda kumkumbatia Jenő. Jenő alikuwa anatazama huku na huku juu ya mabega ya watu, mpaka akaonekana kama aliyepoteza kitu. Vilmos alikuwa amekwisha kufika kituo cha basi.

Jumapili baada ya kanisa Jenő alikuja. Etelka alimfungulia mlango, akaenda zake jikoni bila kumkaribisha. Jenő aliketi kitini pake pa zamani, akaweka medali juu ya meza.

"Hii ni yako."

"Jina langu halimo."

"Vili, ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo."

Jenő alishika kichwa. "Nina miaka hamsini na nane. Nilibakiwa na msimu mmoja, labda miwili. Nililiona lile la Szeged, nikajua. Ningekuja hapa nikakuomba, ungenikubalia papo hapo. Ungenitilia na glasi ya pálinka. Ndiyo maana nilishindwa kuja."

"Ningekukubalia," Vilmos alisema. "Ningekuja na nyaya zako begani. Ningekaa pale chini na Barna tangu asubuhi. Hicho ndicho ulichoninyima, Jenő. Si medali."

Kutoka jikoni hakukusikika sahani wala kijiko. Etelka alikuwa anasikiliza. Mwishowe Vilmos aliisukuma medali upande wa pili wa meza, na kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka, medali ilicheza juu ya mbao njia nzima. Jenő aliitazama mpaka ikatulia, akaitia mfukoni, akaondoka.

Hawakugombana. Walisalimiana sokoni, waliulizana hali za wake zao. Jenő alishindana msimu mmoja zaidi bila kufika fainali, kisha akahamia Győr kwa binti yake. Siku ya kuaga alipita nyumbani, lakini Vilmos alikuwa hospitali kwa vipimo. Etelka alimwambia arudi jioni, naye alisema treni yake ni saa tisa.

Kila Krismasi ilikuja kadi kutoka Győr. Mwaka wa tatu mkono wa Vilmos haukuweza tena kalamu, kwa hiyo Etelka ndiye aliyeketi kuandika jibu.

"Nimwandikie nini?" aliuliza.

Vilmos alifikiri. Supu ya samaki ilipoa mezani, na Etelka hakumharakisha.

"Mwandikie hatujambo," alisema.

Etelka akaandika.