Wateja Wangu wa Nyarugusu

Miaka ile ya tisini, kampuni za bima za Ulaya zilipoanza kuinusa nchi yetu, moja ilinituma Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, kuuza bima ya maisha. Nami wakala wao nikafika asubuhi, tai shingoni, kifua mbele.

Kando ya shimo la wachimbaji walikaa wanawake, kimya. Hakuna aliyeitikia salamu yangu. Kwa mbali ilisikika sauti ya kugonga. Nikadhani ni watu wanaponda mawe.

"Nimetumwa na kampuni," nikasema. "Nipeni majina ya waume zenu."

"Masanja," mmoja akanong'ona upesi.

"Akifa, nani arithi?"

Alilitupia shimo jicho. "Mimi, Mama Kulwa."

Wengine kumi na mmoja wakafuata, wote kwa kunong'ona. Hakuna aliyeuliza bei! Moyoni nilikwisha kupandishwa cheo.

"Haya, waiteni waje watie dole gumba."

Mama Kulwa akaonyesha shimo. "Liliwafukia jana, baba. Tulituma watu Geita waombe msaada. Si ndiwe uliyetumwa?"

Nikafungua mdomo nijieleze.

"Nyamaza," akasema, sikio lake likiwa ardhini. "Bado wanagonga."